Ombi langu la uraia wa Ufaransa limeahirishwa miaka 2. RAPO (rufaa kwa wizara) inasaidia?

Mama Z.:
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jibu limeingia kwenye ANEF, ile tovuti ya maombi ya wageni: ajournement, yaani kuahirishwa, miaka 2. Kwenye mahojiano, laïcité (serikali kutofungamana na dini) nilijibu, Marianne (yule mwanamke alama ya Jamhuri) nilijibu. Yule bibi aliyenihoji alipoona kwenye faili kwamba niliwahi kukaa mji wa Angers, akaniuliza ile ngome alijenga nani na kwa nini. Nikasema wafalme wa zamani. Sasa wanadai historia siijui. RAPO mwisho miezi 2. Niandike mwenyewe au nitafute wakili?

Bakari:
Pole dada. Mimi walinisumbua na cheti cha kuzaliwa cha marehemu baba, eti muhuri hausomeki. Jibu la ngome ni Foulque Nerra, yule mtawala wa kale wa Anjou, Angers nzima inajua.

Mwalimu S.:
Bakari, usimpoteze mwenzio. Foulque Nerra alikufa 1040. Watawala wa Anjou, jimbo la Angers, walikuwa na kasri lao pale juu ya mwamba wa mto Maine tangu karne ya 9, sawa. Lakini kuta tunazoziona ni za Louis IX, mfalme wa Ufaransa, kuanzia miaka ya 1230. Anjou ilikuwa mikononi mwa wafalme wa Uingereza hadi mfalme wa Ufaransa Philippe Auguste alipoitwaa mwanzoni mwa karne ya 13, na mtawala wa jimbo jirani la Bretagne, Pierre Mauclerc, alikuwa kigeugeu. Louis alitawazwa ana miaka 12, mama yake Blanche de Castille ndiye aliyeshika hatamu. Ndiyo sababu ya minara 17, mawe meusi yaliyofungwa mikanda ya chokaa nyeupe. Ni boma la mpakani lile, si nyumba ya starehe.

Bakari:
Nilisema asili, sikusema kuta. Na kama ni ya vita mbona minara mifupi?

Mwalimu S.:
Ilikatwa vichwa karne ya 16, enzi za Henri III. Soma kwanza.

Bi Mwanaidi:
Wanangu ngome za Loire wanazitaja zote, Husuni Kubwa ya Kilwa hawaijui. Halafu ukipewa uraia huku, pasi ya Tanzania unarudisha. Uraia pacha tutausikia redioni tu.

Bakari:
Usinianze na hilo, Bi Mwanaidi. Kila uchaguzi wanatuahidi.

Mama Z.:
Ahsanteni. Na wakili je?

Bi Mwanaidi:
Kuna anayekwenda Paris Jumamosi na gari? Nimeagiziwa unga wa muhogo, upo Château Rouge.