Chidambaram Pillai: kampuni yake ya meli iliangushwa na nini hasa?

Daftari: Wakuu, V. O. Chidambaram Pillai, yule wakili wa Tuticorin, bandari ya kusini mwa India, aliyeingia kwenye biashara ya meli kupambana na Waingereza, inasemwa vita vya nauli ndivyo vilivyommaliza. Mtaji wake ulikuwaje, na vita vyenyewe vilikwendaje?

Gatini: Kampuni yake, Swadeshi, ilisajiliwa Oktoba 1906 kwa mtaji wa rupia 1,000,000: hisa 40,000 za rupia 25, ruhusa kwa Mwasia yeyote. Haji Mohammed Bakir peke yake alichukua 8,000, yaani rupia 200,000. Udhaifu wa mwanzo ni kwamba meli zilikuwa za kukodi. British India, kampuni ya meli ya Waingereza, ikambana mwenye meli wa Bombay, naye akazichukua. Ndipo Pillai akahangaikia fedha mpaka zikapatikana meli zao wenyewe, Gallia na Lawoe, kutoka Ufaransa.

Mizani: Nauli ya kwenda Colombo British India waliishusha hadi rupia 1. Swadeshi wakajibu kwa ana 8, nusu yake. Wenzao wakabeba watu bure, tena na mwavuli wa zawadi! Wao walikuwa na njia chungu nzima za kufidia hasara. Swadeshi walitegemea njia hiyo moja ya Colombo, na fedha yote imeshanunua meli.

Kinu: Nauli mimi naiweka ya pili; ya kwanza ni kufungwa kwake. Februari 1908 wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi cha Coral waligoma, Pillai na mwanaharakati mwenzake Subramania Siva wakawaongoza, wakashinda. Machi 12 akakamatwa kwa uchochezi. Julai jaji Pinhey akampa vifungo viwili vya maisha. Gereza la Coimbatore lilimfunga kwenye kinu cha mafuta, akikizungusha badala ya ng'ombe. Kwenye makaratasi alikuwa katibu msaidizi tu, rais ni Pandithurai Thevar, lakini wanahisa walimwamini yeye. Bila yeye kampuni ikafilisika 1911, na meli moja ikanunuliwa na British India wenyewe.

Daftari: Alipotoka je?

Kinu: Rufaa zilipunguza adhabu, akatoka Desemba 1912. Uwakili alikuwa ameshafutiwa, akaangukia duka dogo Madras. Jaji Wallace ndiye aliyemrudishia leseni baadaye, na Pillai akamwita mwanawe Walleswaran kwa shukrani.