Nimebaki chuoni Iowa likizo yote ya kiangazi, jioni zinanishinda. Mnaishije?

Binti_Mbozi

Wakuu habari za muda huu. Nasoma huku Marekani, jimbo la Iowa, mwaka wa kwanza nimemaliza mwezi wa tano. Nyumbani sijarudi, tiketi ya bei rahisi kabisa niliyoiona ilikuwa dola 1,800 na ushee, halafu na haya mambo ya viza ya siku hizi mzee akasema wewe usithubutu kutoka hapo ulipo. Basi nimebaki.

Ngoja niwape hali halisi maana picha za insta zinadanganya. Mtihani wa mwisho umeisha leo, kesho yake saa sita mchana mnatakiwa wote muwe mmetoka hosteli, hata sisi ambao hatuna pa kwenda. Wakatuhamishia hosteli nyingine, wiki mbili hazijaisha tunaambiwa hameni tena hii inapigwa rangi. Begi langu lile la mistari la Kariakoo nimelibeba mara tatu mpaka zipu imekufa, sasa nalifunga kwa kanga. Kafeteria imefungwa hadi mwezi wa nane. Basi la chuo lililokuwa linapita kila baada ya dakika kumi sasa ni moja kwa saa, Jumapili halipo kabisa.

Kazi ninayo, namshukuru Mungu. Niko kitengo cha hosteli, tunageuza magodoro, tunafuta droo, tunaosha makapeti, maana kila wiki vinakuja vitoto vya kambi, wiki hii mpira wa kikapu, wiki ijayo tarumbeta. Na vitu wanavyoacha hawa wenzetu vyumbani jamani!! Friji ndogo nzima, viatu vina lebo bado, katoni ya tambi haijafunguliwa. Juzi nimevuta droo nikakuta kadi ya besdei kutoka kwa bibi yake mtu, ndani ina dola ishirini, mwenyewe hata hajaitoa. Nikampelekea bosi. Roho iliniuma lakini nikampelekea.

Shida inaanza saa kumi jioni nikitoka kazini. Hapo nyumbani ni saa sita usiku, wote wamelala. Na jua la huku halina haraka, linazama saa tatu kasoro robo USIKU, kwa hiyo kuna masaa karibu matano ya mwanga ambayo sijui niyafanye nini. Korido ina vyumba kama arobaini, tuko watu watatu, mmoja anashinda na hedifoni masikioni, mwingine simjui sura, nasikia tu mlango wake ukifungwa.

Na chakula. Mimi mtoto wa Mbozi nimezungukwa na mahindi mpaka upeo wa macho lakini ugali sijala tangu mwezi wa tano, mahindi yenyewe ya njano, ya nguruwe na ya kutengenezea mafuta ya gari. Nilinunua unga kwenye duka la Wameksiko nikasonga, ukawa unanata kama ubani na unanuka chokaa. Nilikula kwa hasira tu.

Wanaoishi au waliowahi kuishi hivi, mlikuwa mnafanya nini jioni? Na unga mnapata wapi?

Mkazi_wa_Vimbweta

Dada unalalamika jua linachelewa kuzama? Mimi likizo hii niko field ofisi moja huku Dar, hela ya field haijaingia mpaka naandika hapa, naamka saa kumi na moja nigombanie daladala, nikifika ofisini natumwa chapati. Kazi yangu ya kitaaluma mpaka sasa ni kutoboa mafaili. Hizo tambi katoni nzima zitume tu kwa basi 😂

Ila kwenye ile ishirini umetisha. Mimi ningesali kwanza.

kijiko_cha_mwiko

Unga uliosongea ni ule wa kupikia chapati zao za mahindi, mahindi yake yanachemshwa na chokaa ndiyo yakasagwa, ndiyo maana unanata na unanuka vile. Haukuharibika, ndivyo ulivyo. Supamaketi nenda upande wa vitu vya keki, tafuta unga wa mahindi MEUPE uliosagwa laini, usichukue wa njano wala ule uliochanganywa na hamira, soma pakiti. Sio sembe ya Mbozi lakini unashika mkononi.

Mzee wa Barafu

Binti pole, nimecheka hapo kwenye kanga na zipu maana mimi langu nililifunga kwa mkanda wa suruali. Nilikaa Iowa viangazi viwili, 2015 na 2016, na yote miwili Ramadhani iliangukia mwezi wa sita. Hebu fikiria, unafunga saa kumi alfajiri unafungua saa tatu kasoro usiku, masaa kumi na saba, na mchana kutwa niko juani nakata majani ya chuo na mashine. Bosi wangu mzungu akawa ananiuliza hata maji? nikamwambia hata maji, basi akaniweka zamu ya kuanzia saa kumi na moja alfajiri ili saa saba mchana niwe nimeshamaliza, sikumwomba. Jua lako hilo linalokuboa mimi nililichukia kwa sababu nyingine kabisa.

Kwanza mambo ya hela halafu turudi kwenye jioni. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi kama wewe, muhula ukiwa unaendelea haruhusiwi kuzidi masaa 20 kwa wiki ndani ya chuo, likizo kama hii unaruhusiwa kufanya kazi muda wote. Ndani ya chuo lakini. Akitokea ndugu akakwambia njoo wikiendi uoshe vyombo kwenye mgahawa wake atakulipa mkononi, mwambie asante shikamoo, usiende. Viza inapotea kwa vitu vidogo kama hivyo.

Pili, toa hati yako ya malipo sasa hivi uangalie makato. Kiangazi usiposoma kozi yoyote, mfumo wa mishahara wa vyuo vingi unakuona sio mwanafunzi tena, unaanza kukukata ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani michango ya pensheni na matibabu ya uzeeni. Mmarekani ndiyo anakatwa hivyo. Wewe wa F-1 ndani ya miaka mitano ya kwanza ya kalenda hukatwi, usome usisome. Ukilipwa kwa mfano dola 12 kwa saa, masaa 40, hiyo ni dola 36 na senti zake kila wiki zinaondoka bure. Mimi nilikatwa kiangazi kizima cha kwanza bila kujua, nilikuwa nadhani ni kodi ya kawaida. Nenda ofisi ya mishahara na I-20 yako, ile fomu ya chuo uliyoombea viza, na pasipoti, waambie kwa upole, wanarudisha.

Jioni sasa. Kosa lako unasubiri saa kumi ndiyo upige simu nyumbani. Piga saa kumi na mbili asubuhi kabla hujaingia kazini, kwenu ni saa nane mchana, mama ameshatoka shambani anakoka moto. Au mchana saa sita kamili mkipumzika kula, huko ni saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo inaanza, mimi nilikuwa namwambia mdogo wangu aweke simu mbele ya tv tunaangalia wote nikiwa nakula mkate kwenye ngazi. Ukishaongea nao mchana, jioni inakuwa nyepesi, haiwi tena ya kusubiri watu waamke.

Na ukisikia king'ora kikubwa cha kimbunga (tornado) kinalia mji mzima mchana wa jua kali usikimbie kama mimi, mara moja kwa mwezi wanakijaribu, kwetu ilikuwa Jumatano ya kwanza. Kikilia mbingu ikiwa na rangi ya kijani, hapo shuka mpaka ghorofa ya chini kabisa na usirudi kufuata simu.

Furaha_wa_Bukavu

Jambo dada. Samahani, Kiswahili yangu ni ya Bukavu, utanisikia tu. Sisi Wakongomani hapa Iowa tuko wengi sana, Des Moines, Cedar Rapids, Iowa City, kote tuko. Uko unalia juu ya bugali na bamama wako pale wanapika kila siku! Utafute kanisa yenye wanaimba Kiswahili, hata kama husali kwetu uingie tu, unikuje kwa meseji nikuambie ya karibu na chuo yako. Bamama wako na shamba ya pamoja, mji unawapatia kipande kipande, wanapanda sombe ya viazi (nyinyi munaita matembele), lengalenga (mchicha), maharagi. Kazi yao ni jioni sababu mchana wanaenda kwenye makampuni. Wanatafuta mikono ya kupalilia.

Ila lengalenga ya kando ya mashamba ya mahindi usiikate, iko mingi na iko mizuri lakini Wamarekani wanaiona ni majani mubaya, wanapuliza dawa.

Mkazi_wa_Vimbweta

Ngoja, yaani mchicha unaota wenyewe halafu wanaupiga sumu? Sawa bana.

Mzee wa Barafu

@Mkazi_wa_Vimbweta ndiyo hivyo, na wenyewe wanaulalamikia kila mwaka kwamba haufi.

Binti_Mbozi

Wakuu nimerudi. Sikuwajibu kwa sababu nimekuwa busy, siamini kama naandika hili neno.

Makato kweli yalikuwepo, malipo mawili. Dada wa ofisi ya mishahara aliangalia pasipoti, akaangalia kompyuta, akasema oh, akabonyeza vitu kama viwili, basi. Zinarudi malipo yajayo. Mzee wa Barafu Mungu akuweke.

Furaha alinielekeza, Jumanne nikapanda basi la saa kumi na moja nikaenda mpaka mwisho wa ruti. Kina mama sita, kila mmoja na jembe lake, la kwangu wakanipa la mpini mfupi ambalo ni la mtoto. Mmoja akaniuliza nyumbani ni wapi, nikasema Mbozi, hakupajua, nikasema Tunduma hakupajua, nikasema Ziwa Tanganyika akaacha jembe. Kwao ni Uvira. Tumepalilia mstari mmoja wa maharage tukaingia wa pili, na tunaongea, nusu ya maneno sikuyaelewa, wanasema "munane" na "tuko tunaenda" na mimi nikisema "shikamoo" wanacheka wanarudia. Nilipoangalia simu ni saa tatu kasoro dakika kumi, basi la mwisho limeshapita. Nilirudishwa na gari lenye viazi kwenye siti ya nyuma.

Sasa yule mama wa Uvira amenipa mfuko wa dagaa wakavu wa ziwani, wao wanaita ndagala, ni walewale wa Kigoma. Unga mweupe nimeshapata, upande wa keki kama mlivyosema. Jiko la korido ni la umeme, dirisha halifunguki. Swali langu la mwisho, nikiwakaanga dagaa humu ndani hicho kidude cha moshi cha kwenye dari kitalia?

Mzee wa Barafu

USITHUBUTU. Mimi nilikaanga samaki mmoja tu, mmoja, usiku wa saa tano kiangazi cha 2016, yalikuja magari mawili ya zimamoto na kambi nzima ya vitoto vya mpira ilitolewa nje na nguo za kulalia, mmoja ameshika mto. Wachemshe na nyanya na limao, funika sufuria.

Mkazi_wa_Vimbweta

Halafu hela ya field imeingia leo. Nakula chipsi kuku nawasoma.