Naomba ushauri: grupu la mashabiki limegeuka uwanja wa matusi

Habari zenu wakuu. Nipo Ruangwa, mkoani Lindi, ni admini wa grupu la WhatsApp la mashabiki wa Namungo. Tulilianzisha kupanga safari za mechi na kuchangishana nauli. Siku hizi hata tukitoa sare tu pale Uwanja wa Majaliwa, usiku kucha ni voisi za matusi: kipa kauza mechi, kocha afukuzwe, beki arudi kwao akalime korosho (na wanaosema hivyo ndio hao hao wanaoishi kwa korosho).

Tukicheza na Simba au Yanga ndiyo balaa. Wengi wetu tuna timu mbili moyoni, basi tukifungwa watu wanaitana wasaliti. Ukiwakumbusha kuwa timu ilipanda Ligi Kuu 2019 na mwaka 2021 ikacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, unaambiwa umehongwa na viongozi.

Kukosoa sikatazi. Mtu akisema viungo wanachelewa kurudi kukaba, huyo namsikiliza. Shida ni kwamba humo yumo mdogo wake mchezaji mmoja, anasoma yote, na juzi kaniuliza inboksi kama ajitoe. Sijamjibu.

Nikifunga grupu kila baada ya mechi, watafungua lingine. Nikiwatoa wenye matusi, baadhi yao ndio wachangiaji wakubwa wa nauli. Mliowahi kuongoza mashabiki, mlifanyaje? Na huyu dogo nimwambie nini?