Ignatia au Natrum mur? Naomba mnisaidie kuelewa hali ya moyo ya mgonjwa

Mtafuta_Nafuu:
Habari zenu wakuu. Nasoma homiopathia, ile tiba ya dawa zilizozimuliwa sana, na nimekwama kwenye hili wanalosema kila dawa ina hali yake ya moyo na akili, usipoielewa hiyo unakosea dawa hata kama dalili za mwili zinafanana. Kuna mtu wangu wa karibu kafiwa. Halii mbele za watu, ukimpa pole anakasirika, anajifungia chumbani ndo analia. Kichwa kinamuanza saa 4 asubuhi, jua hataki, chumvi anaongeza hata kwenye chakula kilichokolea. Nasita kati ya dawa mbili, Ignatia na Natrum mur, naomba mnifafanulie undani wa hizi mbili maana usingizi wenyewe sipati.

Mzee_wa_Matone:
Swali zuri. Hahnemann, mwanzilishi wa homiopathia, kwenye kitabu chake cha Organon alisisitiza kwamba hali ya moyo ya mgonjwa mara nyingi ndiyo inayoamua dawa. Ignatia ni huzuni mbichi, mtu anashusha pumzi kila saa, ana donge kooni, mara anacheka mara analia, mambo yake yanapingana. Natrum mur ni huzuni iliyokaa. Hasemi, kila neno baya aliloambiwa analikumbuka, na faraja ndo inamtonesha, wengi huiona kama Ignatia iliyokomaa. Na ni chumvi hii hii ya kawaida, imezimuliwa na kutikiswa. Picha hizi zilitokana na watu wenye afya waliomeza dawa wakaandika walichojisikia. Kwa ulivyoeleza mimi ningeenda Natrum mur.

Mama_Pacha:
Mi pacha wangu mmoja ni Pulsatilla mtupu, hiyo nayo ni dawa ya homiopathia, ukimkazia macho tu machozi, anataka kubebwa na kubembelezwa, mwenzie ukimgusa akiwa analia anakusukuma, yaani tumbo moja siku moja na hawafanani hata kidogo. Yule wa kwanza nilimpa akatulia, ingawa nilikuwa nimempakata usiku kucha, sijui kilichomtuliza ni kipi.

Nguzo_ya_Imani:
Mtu kafiwa mnamtafutia vidonge vya sukari? Kaa naye, omba naye, mwache aomboleze. Siku hizi kila huzuni tunaitafutia chupa.

Kipimo_Kwanza:
Mtoa mada, kafiwa lini, na kuna dawa yoyote anatumia?

Mtafuta_Nafuu:
Ni muda kidogo. Kwa sasa hatumii.

Kipimo_Kwanza:
Kwa sasa hatumii, na kabla ya sasa?

Mtafuta_Nafuu:
Ni mdogo wangu, alifiwa na mchumba wake. Alikuwa anameza dawa za sonona alizoandikiwa hospitali, tukakubaliana azipumzishe maana nimesoma kwamba dawa za hospitali zinafunika picha ya mgonjwa, na bila picha safi huwezi kuchagua dawa. Ignatia 200C nimeshaanza kumpa. Msinihukumu jamani, zile dawa zilimfanya awepo tu kama gogo, hacheki hanuni, mimi ndo naishi naye nyie hamumuoni.

Fundi_Mitambo:
Wakuu hii ni chai. Rudini juu msome, kichwa saa 4, jua, chumvi, pole hataki, kulia chumbani. Hiyo ni Natrum mur ya kitabuni mwanzo mwisho, hakuna binadamu anayeumwa kwa kufuata kitabu. Huyu ana swali la mtihani anataka tumfanyie.

Mama_Pacha:
Hata mi nimeshtuka, mara "mtu wangu wa karibu" mara mdogo wangu.

Mtafuta_Nafuu:
Sijatunga. Nilisoma kwanza ndo nikaanza kumwangalia, nikawa namuuliza jua linakusumbua? Anasema ndiyo. Unatamani chumvi? Ndiyo. Ndo maana yamekaa hivyo, na Ignatia nilianza nayo kwa sababu huzuni yenyewe ilikuwa bado mbichi.

Kipimo_Kwanza:
Iwe chai isiwe chai, hili ni la kujibu. Hahnemann huyo huyo aliandika kwamba mganga anyamaze amwache mgonjwa aeleze mwenyewe, na asimuulize maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana. Wewe umemsomea kitabu, yeye akawa anaitikia. Halafu mtu akiacha ghafla dawa za sonona anaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira za karibu, kulialia. Hizo hasira unazoziita hali ya Natrum mur huenda zimeletwa na kuacha dawa, na wewe unazitafutia dawa nyingine. Hiyo 200C imezimuliwa moja kwa mia, mara 200. Ukishapita 12C hivi ni bahati kukuta hata molekuli moja ya kitu cha mwanzo. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti mwaka 2015, halikupata ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathia inausaidia.

Mzee_wa_Matone:
Kwenye tafiti hatutaelewana, mimi nimewaona watu wakipata nafuu. Ila kuacha dawa ya hospitali bila aliyeiandika kujua, hilo hata mimi silikubali. Dada, usiku huwa anasema nini? Maneno yake mwenyewe.

Mtafuta_Nafuu:
Anasema amechoka, anatamani alale asiamke. Nimeona kwenye kitabu hiyo ni hali ya dawa nyingine, Aurum, nilikuwa nawaza nibadilishe.

Kipimo_Kwanza:
Weka kitabu pembeni. Usimwache peke yake, dawa zote ziondoe anapoweza kuzifikia, mpigie daktari aliyemwandikia umwambie maneno hayo hayo. Asipopatikana nenda naye hospitali usiku huu huu, msisubiri kukuche.

Fundi_Mitambo:
Kama ni kweli basi yangu yaache, piga simu kwanza.

Mtafuta_Nafuu:
Niko naye chumba kimoja. Aliniomba nisimwambie mtu, nikipiga atanuna hatanieleza kitu tena. Na Ignatia ya leo nimpe au nisimpe?

Mzee_wa_Matone:
Ignatia achana nayo dada, na anune. Mwambie wazi kwamba unapiga kwa sababu ya alichokisema, upige akiwa anakusikia. Zile dawa za mwanzo nazo usimrudishie kwa kukisia, ataanzaje na kwa kiasi gani atasema daktari. Piga sasa.