Je, Misri na Kanaani ni hali za moyo tu?

Mleta mada (Masasi):
Ndugu zangu wa Kusini, tulijadili hili bila kurushiana maneno. Vijana wetu wanatumiana kwenye simu mafundisho kwamba Biblia si habari za watu waliowahi kuishi, ni hali za fahamu yako mwenyewe. Misri ni akili iliyofungwa, Musa ni utambuzi unaoamka, Kanaani ni kile unachokitaka ukijihesabu umeshakipata. Aliyevuma kwa kuyahubiri karne iliyopita ni Neville Goddard, mzaliwa wa Barbados aliyefundisha Marekani hadi alipofariki 1972.

Kusoma kwa ndani sikukatai. Paulo mwenyewe, Wagalatia 4, anawatumia Hajiri na Sara kama mfano wa maagano mawili. Ninachokataa ni kulifuta tukio. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, wakielekea kwao upande wa Nyasa, wakapiga kambi na kubaki hapa hapa Masasi. Waambie hao kwamba Misri ni fikra!

Na madhara yapo leo. Mikorosho ya jirani yangu, mama mjane, ilishikwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu; maua yakawa kama yamenyunyiziwa majivu, kisha yakapukutika. Akaambiwa fahamu yake imejaa uhaba. Mama alihitaji salfa, dawa ya kuuzuia ugonjwa huo, na mtu wa kumshikia pampu.

Mchangiaji (Mikindani):
Mwalimu, asalaam aleikum. Kwetu Kurani inataja nafsi inayoamrisha maovu (12:53), inayojilaumu (75:2) na iliyotua (89:27). Masufi, Waislamu wanaofuata njia ya kuusafisha moyo, wamezifanya hatua za safari ya moyo, na bado mtu wa dhikri anaswali swala tano na kutoa zaka. Kwa hiyo cha ndani hakijawahi kukifukuza cha nje. Ila vijana msiwalaumu sana. Kisa cha Firauni tunawasomea kama habari ya dhalimu wa zamani, na Firauni aliyejikalia kifuani mwa msikilizaji hatumgusi. Lazima watafute kwingine.

Mleta mada:
Waaleikum salaam, kaka. Hilo nalipokea, Firauni wa ndani ahubiriwe, tena kwa ukali. Lakini mtu akija analia, mchungaji au shekhe atajuaje ni Firauni yupi anayemtesa? Yule mama bado anasikiliza mafundisho yale kila usiku, na anasema ndiyo yanayompa usingizi. Nyinyi mngemwambia aache?