Kobe kutobolewa gamba afungwe kamba, anaumia au haumii?

Mkulima_Muheza: Wakuu salama? Jana dogo kaokota kobe shambani, sasa jirani kaja na drili anasema tumtoboe gamba pale nyuma tupitishe kamba asitoroke, eti gamba ni kama kucha haliumi na kobe akikua analivua anatafuta jingine. Wife kakataa katakata. Nani yuko sahihi?

binti_pwani: Wife. Mrudishe jirani na drili yake 😂

Mzee_wa_Mbavu: Mkuu usitoboe. Gamba la kobe sio nyumba, ni mifupa yake mwenyewe. Siku ukikuta gamba la kobe aliyekufa zamani ligeuze uchungulie ndani, utaona uti wa mgongo umepita katikati umeshikana na dari, na mbavu zimetanuka zikawa bapa zikaungana. Sasa atatokaje humo? Labda na wewe utoke kwenye mbavu zako. Hapo kwenye kucha jirani kapatia nusu, juu kuna vigae vya kitu kama kucha, ila chini yake ni mfupa wenye damu na neva. Mkune mgongoni uone kama hasikii. Halafu ajabu ya huyu mnyama, mabega yake yako NDANI ya mbavu, sisi yako nje.

KaaKoko: Jirani kachanganya na kaa. Mi nanunua kaa koko, huyo ndo anajivua kweli maana ganda lake halikui, likimbana linapasuka kwa nyuma anatoka kinyumenyume, miguu, magando, mpaka vifuniko vya macho vinabaki kule, ukilikuta unadhani kaa kafa kumbe mwenyewe kajificha kwenye matope, laini kama ulimi. Anavimba kwa maji ili ganda jipya ligande likiwa kubwa. Ndo maana nikipokea mzigo nambonyeza kwanza huku chini, akibonyea najua huyu kajivua juzi, ndani maji tu, na mvuvi anataka kilo bei ileile!

Mkulima_Muheza: Duh. Na konokono?

binti_pwani: Havui wala hahami, anaongezea pale mlangoni kidogo kidogo, kile kizungushio kidogo cha nchani ndo nyumba yake ya utotoni. Anayehama ni yule kaa mdogo wa ufukweni anayebeba kombe la konokono aliyekufa.

Mkulima_Muheza: Asanteni, kobe tumemrudisha, dogo kanuna. Jirani anasema hata hivyo drili ilikuwa haina chaji.