Kongosho la Ami Hamadi

Shangazi Asha: Assalaam alaykum. Nyie mlosoma hebu nambieni, Hamadi karudi na karatasi hospitali imeandikwa akapimwe ugumu wa kongosho Dar. Kongosho nalo linakuwaje gumu?? mie usiku sikulala

Time: Waalaykum salaam shangazi. Tupige duwa tu mana gumu ndo hiyo kensa yenyewe, baba wa jirani yangu alianza hivohivo

Suleiman: Time usitutie presha mie niko Muscat huku, ntafanyaje kazi na maneno kama hayo

Time: Nnasema nnalolijua kaka

Rayhana: Waalaykum salaam. Jamani subirini, ndo kwanza natoka kazini. Karatasi haijasema limekuwa gumu, imesema akapimwe lijulikane. Hayo ni mambo mawili tafauti Time

Rayhana: Shangazi, alipigwa altrasaundi kwa sababu kapungua mwili halafu sukari imemzukia ukubwani, na kongosho ndo linalotoa insulini, kwa hivo daktari kafanya sawa kuliangalia. Altrasaundi ya kawaida inaonesha umbo tu, ukubwa, mirija, kama kuna mawe au kitu kimeota. Haikwambii nyama yenyewe ikoje. Ni kama pweza alopigwa na asiyepigwa, ndani ya sufuria kwa macho wote sawa mpaka umdunge uma

Shangazi Asha: Hapo nimekufahamu. Sasa uma huo wanautia wapi mwanangu?? tumboni??

Rayhana: Hapana shangazi 😂 hatobolewi. Ni altrasaundi ileile na jeli ileile ya baridi, ila mashine ina programu ya ziada, wenyewe wanaita elastografia. Inatuma msukumo mmoja wa sauti mfupi mno, nyama inasogea kidogo tena kidogo kweli mtu mwenyewe hahisi, ikisogea inazaa wimbi linalokwenda pembeni, bas mashine inalikimbilia lile wimbi inalipima mwendo. Nyama laini wimbi linajikokota, nyama ngumu linakimbia

Suleiman: Sauti si inakwenda kasi sana, watawahi kulipima?

Rayhana: Sauti ya altrasaundi ndo inapita mwilini kama mita 1540 kwa sekunde. Hilo la pembeni kwenye kongosho lisilo na ugonjwa ni mita 1 na kitu tu kwa sekunde. Kwa hivo huyu wa mbio anampiga picha maelfu kwa sekunde yule wa polepole, ndo mana wanamuona

Time: Mbona shoga yangu mama yake alipimwa India kaandikiwa 6 na mwengine huku kaandikiwa 1.4, yule wa 6 si ndo kaharibika kabisa

Rayhana: Angalia pembeni ya namba Time. 1.4 ni mita kwa sekunde, yaani mwendo wa wimbi, 6 ni kilopaskali, kipimo cha ugumu wenyewe. Chukua mwendo uzidishe kwa wenyewe halafu mara 3: 1.4 mara 1.4 ni 1.96, mara 3 ni 5.88. Hao wote wawili wamepata jibu moja! Na mwendo ukiwa mara 2 ugumu unapanda mara 4, kwa hivo msije mkalinganisha karatasi za watu bila kusoma kipimo. Na mashine nazo hazifanani, ya kampuni hii na ya kampuni ile namba zinapishana

Time: Haya mwalimu 🙄

Suleiman: Huku kuna kile cha kugongagonga ubavuni, jamaa kazini wengi wamepimwa ini. Kwa nini baba asije akapimwa hicho

Rayhana: Hicho cha ini kaka, hakina hata picha, unakiweka baina ya mbavu kinapima kilichopo mbele yake. Ini kubwa na liko karibu. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, limelala juu ya mishipa mikubwa ya damu, lazima ulione kwanza ndo ulilenge. Na hapo ndo pana kazi wallahi, mana gesi ikiwepo huoni kitu, na mshipa mkubwa ulio nyuma yake unadunda kila moyo ukipiga, unalitikisa, namba zinaruka. Unamwambia mgonjwa zuia pumzi, unapima, unarudia tena na tena halafu unachukua ya kati. Zikitawanyika sana mie siziamini hata mashine iwe mpya vipi

Khamis: Kwa hivo aje na njaa

Rayhana: Aje hajala tangu usiku, wenyewe watampa masaa. Pengine akifika watamnywesha maji hapohapo, tumbo likijaa maji sauti inapita vizuri, kwa hivo asishangae. LAKINI vidonge vya sukari asimeze na njaa mpaka aulize, asije akatudondokea ndani ya boti

Ami Hamadi: Assalaam alaykum. Mie nimo humu humu kikundini nasoma. Sijafa

Suleiman: 😂😂 Waalaykum salaam baba

Time: Ami samahani 🙈

Ami Hamadi: Rayhana mwanangu nambie ukweli usinifiche. Likiwa gumu ni nini

Rayhana: Sikufichi ami. Uvimbe wa kensa wa kongosho mara nyingi huwa mgumu, mana unajizungushia nyama kama ya kovu. Lakini kongosho lilokaa limevimba muda mrefu bila ya kensa nalo linaota makovu linakuwa gumu, kwa pombe, kwa sigara, wengine wanarithi, wengine mirija imeziba. Tena kuna ugonjwa mwengine kinga ya mwili inalishambulia kongosho, linakuwa gumu lote zima na dawa yake ni vidonge tu vya steroidi, vya kuituliza hiyo kinga. Na umri nao unaongeza kidogo. Kwa hivo namba haitaji jina la ugonjwa. Wakikuta pagumu wataunganisha na zile picha za CT ulizopigwa, ile eksirei ya vipande vipande, na damu, na pengine watataka kinyama wakakiangalie kwenye hadubini, bila ya hapo mtu yoyote akikwambia kensa anabahatisha

Ami Hamadi: Hicho kinyama wanakitoa vipi

Rayhana: Wanapitisha mpira mdomoni unalazwa usingizi, ncha ya mpira ina altrasaundi ndogo, ikifika tumboni iko jirani kabisa na kongosho, hapo hata ule ugumu unaonekana kwa rangi. Na nyie wengine msije mkagugo picha! mashine nyengine buluu ndo gumu, nyengine kinyume chake, utie macho kwenye mstari wa rangi ulio pembeni

Khamis: Bora laini basi kwa kila hali

Rayhana: Kwa mgonjwa ndio. Kwa mpasuaji siyo 😅 akikata kichwa cha kongosho lazima alishone lilobaki na utumbo, na kongosho laini halishiki uzi, linavuja, na maji yake ndo yanayosaga chakula, yakimwagika tumboni ni balaa. Lenye makovu linashoneka vizuri zaidi. Kuna madaktari wanapima ugumu kabla ya upasuaji kwa ajili hiyo tu, wajue wanakwenda kukutana na nini

Shangazi Asha: Subhanallah. Na sigara umesema Rayhana eh? rudia asome

Ami Hamadi: Sigara nimeacha

Shangazi Asha: Jana barazani nani alokuwa anatoa moshi, shetani?

Ami Hamadi: Nimeacha leo

Time: 😂😂😂

Khamis: Ami ntakupokea bandarini inshaallah. Chukua majibu yote ya damu na ile sidii ya CT, usiache hata karatasi moja, wasije wakakupiga tena ukalipa mara mbili

Suleiman: Pesa natuma kesho asubuhi. Rayhana utafuatana nae?

Rayhana: Nimeshaomba ruhusa, tunaondoka pamoja Unguja. Ami ukishuka nipigie

Ami Hamadi: Ahsanteni wanangu. Vitu vyote nimevitia ndani ya mkoba

Shangazi Asha: Mkoba gani Hamadi

Shangazi Asha: Hamadi ule si wangu wa harusini??